Gharib Asema Amenirejea

Hebu nitegulieni hiki kabla gazeti halijafungiwa maandazi.

Mgeni wangu alikuja nikiwa msichana wa chuo cha Kurani, hakupiga hodi. Tangu hapo hakukosa mwezi. Kila akija namficha baba, namficha kaka, na baadaye nikamficha hata wanangu wa kuwazaa. Siku nilipomzoea akapotea. Hakuaga. Ni nani huyo?

Wanaume mmeshindwa, najua. Wala msinipe mji, mji ninao, Mombasa yanitosha. Wanawake wa rika langu wamekwisha kucheka huko waliko.

Mgeni huyo ni hedhi. Ndiyo, nimeiandika gazetini, na haya nimeziweka kando, maana juma hili maisha yangu yote yaliningʼinia kwake.

Kwa aliyenikuta leo: mimi ni Mwanakombo, miaka yangu hamsini na mmoja, wajukuu wangu watano. Mwaka jana daktari alinipima akaniambia nina sukari, na presha iko juu. Akanikataza vitamu, akanipunguzia wali wa nazi, akaniamuru nitembee saa nzima kila alfajiri. Nikanunua raba nyeupe. Nikazivaa chini ya buibui.

Mume wangu Gharib, niliyekaa naye miaka thalathini na moja nyumbani kwake Kibokoni, akasema, "Hii si sukari. Hiki ni kiburi."

Siku ya tano ya Mfungo Sita, watu wakitoka maulidini, akanipa talaka moja mlangoni. Raba zangu zilikuwa mkononi mwake. Akazitupa njiani kwanza, kisha mimi nikazifuata.

Nikahamia Bondeni, kwenye chumba alichoniachia marehemu mama. Nikaanza kupinda leso, yaani kanga, za duka la Tayebali, kule Biashara Street. Mzee Tayebali akagundua kuwa najua kucheza na maneno, akanipa kazi ya kutunga majina ya leso. Kutembea sikuacha. Sukari ikashuka. Nikawa nalala usiku kucha bila ya kuamka kulia, jambo lililonipotea tangu nilipomzaa kitinda mimba wangu.

Juma lililopita niliwaachia hapa: eda yangu ya miezi mitatu imekwisha, zimepita siku mbili, mara Gharib huyu hapa mlangoni.

"Nimekurejea," alisema. Hata salamu hakutoa.

"Umerejea? Kwani ulisafiri?"

"Usinichezee. Sikusema nimerejea. Nimesema nimekurejea wewe. Vaa buibui twende nyumbani."

Kwa wasiojua sheria yetu: mume akitoa talaka moja, anaweza kumrejea mkewe maadamu eda haijakwisha. Hakuna harusi mpya, hakuna mahari, wala mke haombwi ruhusa. Neno moja latosha. Lakini eda ikimalizika, huyo mume ni mwanamume kama wanaume wengine wa mjini. Akitaka, aje apose, naye anaweza kukataliwa.

"Umechelewa, Gharib," nikamwambia. "Eda imekwisha mwezi tano, Mfungo Tisa. Leo mwezi saba."

"Nani aliyehesabu?"

"Mwezi. Mimi ni mtu mzima, sina tena mambo ya wasichana. Wa rika langu huhesabu miezi mitatu, basi."

Alitazama chumba changu. Akaitazama cherehani. Akarudi kuzitazama raba, ziko karibu na kitanda.

"Hizo utazitupa," akasema. "Kwa yule Mhindi usikanyage tena. Na lile jina la leso, utakwenda mwenyewe umwambie alifute."

Haya, na leso nayo niwaeleze. Mwezi wa kwanza wa eda, Tayebali aliniomba jina la leso mpya, nyekundu na nyeusi, yenye maua ya mkorosho. Nilikuwa na hasira siku hiyo. Nikaandika: MLANGO ULIFUNGA WEWE, USINIULIZE UFUNGUO.

Zilipotoka kiwandani hazikumaliza juma. Wanawake wa Kibokoni walizinunua, wakajifunga, wakawa wanapita mbele ya baraza la Gharib mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama wanaokwenda kuzika. Wazee wenzake wakimiminiwa kahawa wanamuuliza, "Bwana Gharib, ufunguo umeupata?"

Kwa hivyo nilijua ana ghadhabu. Lakini mtu mwenye ghadhabu huja kutukana akaenda zake. Haji kuchukua.

"Gharib," nikamwambia, "chakula changu hukukitaka. Sahani ya kunde uliimwaga miguuni pangu. Raba zangu hukuzitaka. Mimi mwenyewe ulinitoa mbele za watu. Leo wanirejea kwa nini?"

Akageuka kuelekea mlangoni.

"Nakuuliza. Kwa nini?"

"Ijumaa baada ya sala, kwa Maalim Shee," akasema. "Huko ndiko utakapojua wewe ni mke wa nani."

Akaniacha nimeshika leso ya watu, sindano imenichoma kidole na sina habari.

*

Kesho yake nilitembea kama kawaida. Nilitoka Bondeni, nikapitia Ngomeni, nikaenda mpaka karibu na feri, nikarudi. Siku nyingine kutembea hunitoa mawazo yote kichwani. Siku hiyo yalinifuata nyuma kama mbuzi wa mtu.

Nilipofika dukani, Tayebali alikuwa anafungua milango. Akanionyesha kona ya kulia, palipo na kabati la kioo.

"Bi. Mwanakombo, kuanzia Rajabu kabati hili ni lako. Leso utakazotunga wewe, utauza wewe. Nimesema na Kulsumbai, amekubali."

Kulsumbai ni mkewe, na ndiye mwenye duka haswa. Tayebali huuza tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kateremsha miwani puani, akaitikia kwa kichwa.

Mimi, mwanamke niliyeishia darasa la sita, ambaye miaka thalathini na moja nilikuwa naomba ruhusa kwenda kununua uzi! Nilitaka kulia. Sikupata nafasi.

"Ehee! Eda gani hii yavaa raba?"

Alikuwa Batuli, wifi yangu, dada yake Gharib. Aliingia dukani kama anayeingia jikoni kwake.

"Salamu alaikum kwanza, wifi," nikamwambia.

"Wifi! Kumbe wajua kuwa mimi ni wifi yako. Basi kama mimi bado wifi, na ndugu yangu bado mume."

"Ni desturi ya ulimi tu. Ulimi wangu hauna cheti cha ndoa."

Wateja wawili wakacheka. Batuli hakupenda.

"Cheka, cheka. Mwanamke ametolewa na mumewe, badala ya kukaa ndani asome Kurani, yuwazunguka mji alfajiri kama mlinzi! Watu wasema una bwana huko feri."

"Huyo bwana jina lake ni sukari," nikasema. "Akiniona natembea yeye hukimbia."

"Maneno hayo mpe Mhindi ayachape kwenye leso. Mimi nimekuja kwa moja." Akasogea, akashusha sauti, lakini sauti ya Batuli hata ikishushwa yasikika mpaka Mwembe Tayari. "Wewe wasema umekatikiwa, wahesabu miezi. Sawa. Mimi pia nilidhani nimekatikiwa. Miaka miwili sikuona kitu. Siku ya Idi, niko kwa mkwe, na kanzu nyeupe, ikaniaibisha mbele ya wajukuu. Sisi watu wazima ndivyo tulivyo. Yaenda, yarudi."

Nikajitia kupanga uzi.

"Ijumaa nitamwambia Maalim akuulize. Kama katika miezi hii mitatu umeona damu, hata mara moja, basi hesabu yako ya miezi imevunjika. Wahesabu upya, twahara tatu, usafi baina ya hedhi na hedhi, kama wasichana. Na eda yako ingali wazi, na ndugu yangu amekurejea, na hilo kabati la kioo utaliona kwa dirisha!"

Akaichukua leso yangu nyekundu, akalisoma jina kwa sauti mpaka mwisho, akaiangusha chini, akatoka.

Sikumjibu. Na ninyi mnaonijua tangu mfululizo huu uanze mmeshashangaa. Mwanakombo kakosa la kusema?

Niligeuka. Kulsumbai alikuwa ameshavua miwani, ananitazama.

*

Sasa niwaambie nisilowaambia juma lililopita, wala juma la kabla yake. Niliwaficha. Nilijificha hata mwenyewe.

Mwezi kumi na sita, Mfungo Nane. Niko stoo nyuma ya duka, nashusha marobota ya leso. Nikahisi. Mwanamke hahitaji kuambiwa na mtu.

Ulikuwa umepita mwaka wa tatu sijaona kitu. Nilikaa juu ya robota nikadhani naota. Kulsumbai akanikuta hapo. Hakuuliza. Akarudi na kipande safi cha kitambaa cha marekani na kikombe cha chai isiyo na sukari, akafunga mlango wa stoo, akakaa nje yake mpaka nilipomaliza.

Ilikuwa alasiri. Ilikaa jioni hiyo, ikakaa usiku, kesho yake ikakaa mpaka jua la saa kumi na moja, ikakoma. Haikurudi tena.

Nikajiambia ni marobota. Nimeinua kizito, nimejitonesha. Nikaoga, nikaswali, nikaendelea kuhesabu mwezi wangu kama sikuona kitu. Na hivyo ndivyo nilivyowaandikia ninyi, "eda imekwisha," kwa wino wa kujiamini kabisa.

Lakini mimi nimesoma chuoni. Mwalimu wetu alitufundisha, wasichana kumi na wawili tumekaa juu ya jamvi tunaona haya: damu isiyotimiza mchana na usiku wake si hedhi. Iliyotimiza ni hedhi.

Yangu ilitimiza. Ikapita kidogo.

"Nani mwingine ajua?" Kulsumbai aliniuliza, Batuli alipokwisha kwenda.

"Wewe na mimi na Mungu."

"Mimi sitasema."

"Wewe hutaulizwa. Nitaulizwa mimi. Mwanamke huaminiwa neno lake juu ya tumbo lake."

"Arre, basi mbona umekuwa kijivu? Sema ilikuwa saa mbili tu, ikakatika. Saa mbili si hedhi kwenu, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi saa mbili." Akavaa miwani yake. "Bi. Mwanakombo, mimi nilikuona ulivyokuja hapa mara ya kwanza. Ulikuwa waomba radhi ukikaa, waomba radhi ukisimama. Leo wagombana na Tayebali juu ya rangi, na washinda wewe. Utamrudishia yule mtu yote haya kwa sababu ya saa?"

Nikaiokota ile leso chini, nikaikunja.

Siku tatu nilibeba zile saa mbili mdomoni. Nikipika, saa mbili. Nikitembea, kila hatua, saa mbili, saa mbili. Nilipima sukari Alhamisi, imepanda. Nimekula nini? Sikula kitu. Ni Gharib tu.

Nami sitawadanganya tena: nilimchukia. Nilimchukia kwa sahani ya kunde. Nilimchukia kwa miaka aliyonicheka nilipohema nikipanda ngazi. Nilimchukia kwa kuwa alikuja kunichukua siku mbili tu baada ya mimi kuanza kujiita wangu mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa nikaamua. Nitasema saa mbili. Atakayenihukumu ni Mungu, si Batuli.

*

Maalim Shee, anayetuamulia mambo ya ndoa na talaka, hukaa katika chumba kidogo kando ya msikiti, Bondeni hapa hapa. Feni yake huzunguka ikilalamika. Ni mtu mpole, lakini mpole wa kuogopwa, kwa kuwa akikuuliza jambo hunyamaza mpaka ujibu, hata kama ni mpaka magharibi.

Gharib alikuwa amekwisha kufika, kakaa kwenye kiti cha pembeni, fimbo ya mkwaju katikati ya magoti. Batuli kando yake. Mimi niliingia na Kulsumbai, kavaa rida yake ya kijani, vazi lao la kujifunika.

"Na huyu naye aja kutafuta nini?" Batuli akasema. "Kuuza leso?"

"Bi. Batuli," Maalim akasema, "hapa kila mtu ni mgeni wangu. Karibu, Bi. Kulsumbai. Watoto hawajambo? Mzee hajambo?"

"Wote salama, Maalim. Alhamdulillahi."

Maalim akasikiliza kila upande. Gharib alisema maneno machache: alitoa talaka moja, na mwezi saba Mfungo Tisa alimrejea mkewe. Mimi nikasema eda yangu ya miezi ilikwisha mwezi tano.

"Muulize damu!" Batuli akaruka. "Muulize, Maalim! Watu wazima sisi, twajuana!"

"Bi. Batuli, una haraka ya kwenda wapi?"

"Siendi popote. Nataka haki ya ndugu yangu."

"Basi kaa, nayo itakukuta umekaa." Akanigeukia mimi. Hakunitazama usoni, alitazama mkeka, kwa heshima. "Bi. Mwanakombo, niwie radhi kwa swali, lakini dini haina haya. Tangu siku uliyopewa talaka mpaka siku aliyosema amekurejea, umeona damu?"

Feni ikazunguka.

Nikafungua mdomo, na zile saa mbili zilikuwa pale pale, tayari. Nikashangaa kusikia natoa kitu kingine.

"Maalim, mgeni akipita mlangoni, asikae, asile, huyo huhesabiwa kuwa alikuja?"

"Bi. Mwanakombo." Sauti yake haikupanda. "Vitendawili vyako navipenda, mke wangu hunisomea. Lakini hapa si mahali pake. Umeona, au hukuona?"

"Yuwababaika!" Batuli akasema. "Mwaona? Yuwababaika!"

"Sibabaiki, wifi. Natafuta ulimi wangu, nadhani uliukalia."

"Basi!" Maalim akapiga mkeka kwa kiganja. "Nyote wawili. Bi. Mwanakombo, neno lako ndilo neno. Nikikuuliza nawe ukanijibu, sitaleta shahidi, wala sitakupeleka kwa daktari. Utakaloliapia ndilo nitakaloamua. Ndiyo maana nakupa muda. Fikiri."

Mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Upande mmoja kabati la kioo, chumba changu, usingizi wangu. Upande mwingine Kibokoni, na mtu anayetupa raba. Na katikati pamekaa mchana na usiku wa mwezi kumi na sita, najua mimi, anajua Yeye aliyeniumba.

Nikamwona Gharib. Ameinamisha kichwa. Hakuwa na uso wa mtu anayeshinda. Nikakasirika zaidi. Hata kushinda hajui!

"Nitajibu, Maalim," nikasema. "Leo hii, hapa hapa, nitaapa. Lakini mimi nilitangulia kuuliza. Nilimuuliza mtu huyu mlangoni kwangu, wanirejea kwa nini? Akanyamaza. Nataka anijibu mbele yako. Akishajibu yeye, nitajibu mimi."

"Huna sharti hapa!" Batuli akasema.

"Analo," Maalim akasema. "Amrejeaye mke hurejea kwa wema. Kumrejea kwa kumkomoa, ili umfungie tu, ni dhambi, na mimi siitii muhuri dhambi. Bwana Gharib, umeulizwa."

Gharib akakohoa. "Ni mke wangu."

"Hilo ndilo tunalolitafuta. Kwa nini?"

"Watu wananicheka, Maalim. Leso zinapita mbele ya baraza langu."

"Watu watacheka mpaka wachoke. Kucheka hakuponywi kwa ndoa. Kwa nini?"

"Miaka thalathini na moja..."

"Ulikuwa nayo siku ulipotoa talaka," nikasema. "Hukuiona nzito. Uliitupa pamoja na raba."

"Mwanakombo, nyamaza!"

"Si mkeo bado, humnyamazishi," Kulsumbai akasema polepole, kama anayesoma bei ya kitambaa.

"Wewe mama wa Kihindi usiingie!" Batuli alikuwa amesimama sasa. "Maalim, mimi nitakujibu. Yuwamrejea ili akomeshe upuuzi huu! Mwanamke wa miaka hamsini, yuwavaa raba, yuwaandika matusi kwenye nguo, yuwauza dukani, nyumba ya ndugu yangu haina hata wa kumchemshia maji! Amrejea ili nyumba iwe nyumba! Mwambie, Gharib! Mwambie ndivyo!"

"Nimemuuliza yeye," Maalim akasema. "Kaa chini."

Batuli hakukaa. Maalim akamngoja Gharib. Ule ungojaji wake niliowaambia.

Mimi nikasimama. Nilikuwa nimechoka. Nilijua atasema ubishi mwingine, nami nitasema saa mbili, na yatakwisha.

"Hana jibu, Maalim," nikasema. "Wala hakuwa nalo. Alitaka tu kunirudisha nilipokuwa. Niulize langu, nikuapie, niende zangu kazini."

"Kaa, Mwanakombo," Gharib akasema.

Haikuwa ile sauti yake. Ndiyo maana nikakaa.

Akaiegemeza fimbo ukutani. Akainama, akavua kiatu cha kulia. Kisha akaivua soksi, kidogo kidogo, akiuma meno, na harufu ikatufikia kabla ya macho. Kulsumbai akajivutia rida puani.

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi kama biringani. Juu yake ngozi imewiva, yangʼaa, nyekundu mpaka kwenye kifundo.

"Ya Rabbi!" Batuli akakaa mwenyewe, bila ya kuamriwa. "Gharib! Hii nini? Tangu lini?"

Hakumtazama dada yake. Hakumtazama Maalim pia.

"Tangu Mfungo Saba," akaniambia mimi. "Nilikanyaga msumari, sikuusikia. Nikaficha. Nikapaka mafuta. Mwezi sita, Mfungo Tisa, nikenda hospitali, wakapima damu, daktari akaniuliza, mzee, umekaa na sukari hii miaka mingapi? Nikamwambia mimi sina sukari, aliyekuwa nayo ni mke wangu." Akaikunja ile soksi. "Jumatatu wanavikata hivi viwili. Wasema nisipobadili kula na nisipojua kujitunza, baada ya vidole ni mguu. Akaniuliza, nyumbani kwako kuna mtu ayajuaye maradhi haya? Siku ya pili yake nikaja kwako. Nilikuja kukuomba, Mwanakombo. Ulipofungua mlango nikaziona zile raba, na kuomba kukanishinda, ikanitoka amri. Waniuliza kwa nini nakurejea. Sitaki wa kunipikia. Wewe uliambiwa unakufa ukasimama ukatembea, na mimi kila asubuhi nakaa kitandani natazama mguu huu, sijui nianzie wapi, na ninaogopa."